Unene Kupita Kiasi: Chanzo Si Mtu Mmoja, Ni Mfumo Mzima

Idadi ya Wakenya wenye uzito kupita kiasi imekuwa ikipanda kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya (KDHS) wa 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia 2014, kiwango hicho kilikuwa asilimia 33. Utafiti wa STEPS wa 2015, uliowahusisha wanaume na wanawake, ulipata kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia: wanawake asilimia 38.5 na wanaume asilimia 17.5.

Uzito huo huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani. Haya ni magonjwa ambayo matibabu yake hudumu maisha yote na humaliza akiba ya familia.

Mara nyingi lawama humwendea mhusika: anapenda kula, hapendi kutembea. Hata hivyo, haiwezekani wanawake wengi kiasi hicho wakapoteza nidhamu kwa pamoja ndani ya miaka sita. Kilichobadilika ni mazingira wanamoishi. Sayansi ya mifumo husaidia kuyaelewa mabadiliko hayo.

Sayansi ya mifumo ni nini?

Ni njia ya kuchunguza jinsi mambo mengi yanavyosukumana, badala ya kutafuta chanzo kimoja. Chukua mfano wa tangi la maji. Kiwango cha maji hutegemea mfereji unaoingiza na bomba linalotoa. Uzito wa mwili uko hivyo hivyo: chakula huingiza nguvu, kazi na mwendo huitumia. Swali la mifumo ni hili: nani au nini kinafungua mfereji na kuziba bomba?

Mwaka 2007, wataalamu walioagizwa na serikali ya Uingereza walichora ramani ya visababishi vya unene katika jamii. Ilikuwa na mambo zaidi ya 100 yaliyounganishwa kwa mishale, kuanzia uzalishaji wa chakula na bei hadi usalama wa barabara, mazoea ya jamii na maumbile ya mwili. Hakuna jambo moja lililotosha kueleza tatizo lote.

Mizunguko iliyo karibu nasi

Wa kwanza uko jikoni. Maharagwe, mbaazi na pojo huhitaji muda mrefu motoni, na makaa ni ghali. Mkazi wa Voi anayetoka kazini jioni huona afadhali kununua chipsi, viazi karai au chapati njiani. Wateja wakiongezeka, wachuuzi nao huongezeka. Chakula cha kukaanga husogea karibu na kila mlango, watoto huzoea ladha yake, na wateja huongezeka tena. Huu ni mzunguko unaojikuza wenyewe.

Wa pili uko barabarani. Wengi wakipanda bodaboda, vyombo huzidi barabarani na mtu wa miguu huhofia usalama wake. Akihofia, naye hupanda bodaboda, hata kwa safari ya dakika kumi.

Wa tatu ni wa Taita Taveta hasa. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti. Ndovu wakivamia shamba, au mvua ikikosekana, familia hupoteza mahindi, kunde na pojo. Hulazimika kununua unga uliokobolewa, sukari na mafuta, vitu vinavyoshibisha kwa pesa kidogo lakini vyenye lishe haba. Tena, ushauri wa kutembea kila alfajiri haumfai anayeishi kwenye njia ya ndovu. Mkulima huyu hahitaji kukemewa. Anahitaji shamba lililo salama.

Mazoea ya jamii pia yana nguvu. Aliyenenepa huambiwa amenawiri, na aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Hivyo hata anayetaka kupunguza uzito hukatishwa tamaa na watu wake.

Kuna pia mzunguko unaorudisha hali ilivyokuwa. Mtu akipunguza uzito, mwili wake hutumia nguvu kidogo kuliko awali na njaa huongezeka. Ndiyo sababu wengi hupungua kwa miezi michache kisha hurudi pale pale. Si udhaifu wa moyo.

Njaa na unene chini ya paa moja

Utafiti wa KDHS wa 2022 ulipata kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi wanaweza kula chungu kimoja: chakula chenye wanga na mafuta mengi, lakini protini, mboga na matunda kidogo. Mtoto aliyekosa lishe tangu tumboni huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na maradhi ya moyo ukubwani. Madhara huchelewa kuonekana, na kuchelewa huko huwafanya wengi wasijali mapema.

Pa kuanzia

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za afya, kilimo, masoko, barabara za kaunti na elimu ya chekechea. Mizunguko mingi iliyotajwa inapitia humo. Njia ya miguu yenye taa, soko lenye kivuli na maji kwa wauzaji wa mboga za Wundanyi na ndizi za Taveta, au maji safi katika chekechea, yote ni hatua za kupambana na unene.

Wakazi wana nafasi ya kuyadai. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma ndipo mahali pa kusema ni barabara ipi na soko lipi.

Nyumbani, wakazi wanashauriwa:

• Kuloweka maharagwe usiku kucha na kuchemsha ya siku mbili kwa pamoja, ili kuokoa makaa.
• Kurudisha mezani kimanga, mihogo, viazi vitamu na mboga za kienyeji.
• Kunywa maji badala ya soda. Soda ya kawaida ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikipite kwa siku nzima.
• Kufanya mazoezi au kazi ya mwili kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Kulima na kuteka maji pia huhesabiwa.

Jipime

Gawanya uzito wako kwa kilo na urefu wako kwa mita, kisha gawanya jibu tena kwa urefu huo. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 hupata 31.25. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kipimo hiki ni cha watu wazima, na hakiwafai wajawazito. Kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume ni dalili ya hatari kubwa.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba hubeba mizani na vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mkazi aliyepata kipimo cha juu anahimizwa kwenda katika kituo cha afya kilicho karibu naye, bila kungoja dalili.