Nauza Khanga, Kusoma Nasomewa

Juzi mteja wa Morogoro alitaka khanga anayoikumbuka kwa jina tu. Akalitaja. Wenzangu wanaosoma vizuri wakaanza kufungua mabunda. Mimi nikapanda ngazi, nikaivuta, nikamkabidhi. Yule kaka anayeniita kilaza alimeza mate. Raha hiyo ndiyo inayoniandikisha leo, yaani naisemesha simu na mdogo wangu anaweka nukta.

Nina disleksia, yaani herufi na tarakimu zinanichanganya. Nakaa Buguruni Malapa, kazi yangu ni kwenye duka la jumla la khanga, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Mnaouliza niliipataje na naifanyaje, hatua ni tatu.

Kwanza, kimbia fomu. Kuna ofisi niliomba nisomewe fomu, dada wa mapokezi akauliza kwa sauti, watu wote wasikie, kama nilitoroka shule. Buguruni tuna Shule ya Viziwi, uziwi watu wanauelewa. Ulemavu wangu hauonekani, basi unaitwa uvivu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 ni sisi. Vizuri, ila maduka mengi ya Kariakoo hayana hata wafanyakazi kumi. Mimi nilimwamkia Bi Mkubwa mwenye duka, nikamwambia: "Mama, nijaribu kwa mzigo, usinijaribu kwa karatasi." Akanipa mabunda yaliyovurugika. Nikayapanga.

Pili, na hii ndiyo yenyewe. Khanga ina pindo, mji, yaani mchoro wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Wenzangu wanakimbilia jina. Mimi nashika mji: korosho imelalia wapi, jogoo anatazama upande gani. Mzigo ukiingia, kabla haujapanda rafuni, natandaza doti moja, naipiga picha na kujitumia WhatsApp. Halafu namwomba mwenzangu asome jina huku nikirekodi, sauti ikae chini ya picha hiyohiyo. Jioni kwenye daladala nasikiliza nikitazama. Rangi usizishike, zitakuponza: khanga moja hutoka rangi nne, tano, na jina ni lilelile. Kuna pia wajanja wanaoiga mji wa mwenzao na kupachika maneno mengine. Hao nawakamata kwenye kona za pindo, maana kona huwa wanachora kwa haraka. Na za poliesta msiniletee kabisa. Zinateleza, mtoto hakai mgongoni, na muuzaji anakuapia ni pamba!

Tatu ni kugawana kazi, hasa kwenye mashine ya risiti, EFD. Hapo Bi Mkubwa hajaniruhusu kugusa, na namwelewa. 6 na 9 kwangu ni mapacha, na TRA hawana utani. Kwa hiyo tumegawana: risiti anagonga yule kaka wa kilaza, mzigo natafuta mimi. Wateja wa harusi wakijaa, foleni inakuwa kwake.