Kompyuta Mpakato ya Kazi na Burudani: Mwongozo kwa Mnunuzi Mwenye Fedha za Kiasi

Utangulizi

Kompyuta mpakato ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa ambavyo mwanafunzi wa chuo, mwalimu, mhasibu wa duka au mtumishi wa ofisi hununua kwa fedha zake mwenyewe, na kwa kuwa hutarajiwa kudumu miaka kadhaa, uamuzi uliofanywa kwa haraka dukani huendelea kumgharimu mnunuzi muda mrefu baada ya malipo. Kijitabu hiki kimekusudiwa mnunuzi wa Afrika Mashariki anayehitaji kompyuta moja ya kufanyia kazi za kila siku na ambaye, wasaa unapopatikana, hupenda pia kucheza gemu.

Ushauri wote uliomo humu umejengwa juu ya kanuni moja, nayo ni kwamba fedha zielekezwe kwanza kwenye sehemu ambazo haziwezi kubadilishwa baadaye. Prosesa na kadi ya picha, katika kompyuta mpakato karibu zote, huchomelewa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo mnunuzi hubaki nazo kama zilivyo hadi mwisho wa maisha ya kompyuta. RAM, diski na betri, kwa upande wake, mara nyingi huweza kuongezwa au kubadilishwa kadiri fedha zinavyopatikana.

1. Kupima mahitaji

Uandishi wa nyaraka, lahajedwali, barua pepe na mikutano ya video havihitaji kompyuta yenye nguvu kubwa, na kompyuta nzuri ya miaka mitano au sita iliyopita huzimudu kazi hizo bila taabu. Kinachobadilisha hesabu ni gemu, kwa kuwa zinatofautiana mno katika kile zinachodai. Gemu nyepesi, kama vile Minecraft, League of Legends au matoleo ya zamani ya kandanda kama PES 2017, huchezeka kwenye kompyuta nyingi za ofisi endapo ubora wa picha utapunguzwa. Gemu za wastani, kama Valorant na GTA V iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, huhitaji kadi ya picha imara zaidi. Na gemu nzito za miaka ya karibuni, kama Cyberpunk 2077, hazifai kutarajiwa bila kadi ya picha ya pekee.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi ataje kwanza gemu mbili au tatu anazokusudia kuzicheza, kisha asome mahitaji yaliyoorodheshwa na watengenezaji wake. Mahitaji hayo huandikwa kwa viwango viwili: kiwango cha chini, ambacho huiwezesha gemu kufunguka na kuchezeka kwa picha hafifu, na kiwango kinachopendekezwa, ambacho huiwezesha kuchezwa kwa raha. Anayecheza mara moja moja anaweza kuridhika na kompyuta iliyo kati ya viwango hivyo viwili.

2. Prosesa: umri una uzito kuliko jina

Prosesa ni sehemu inayotekeleza amri zote za kompyuta, na ndani yake mna viini, yaani vitengo vinavyoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Wauzaji wengi hutangaza jina la daraja tu, kama i5 au i7, ilhali namba inayofuata ndiyo inayoeleza kizazi. Katika Intel Core i5-8250U tarakimu 8 ni kizazi cha 8, na katika i5-1135G7 tarakimu 11 ni kizazi cha 11. Tofauti ya vizazi inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya madaraja: i7-7500U ina viini 2, lakini i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina viini 4, hivyo anayelipa zaidi kwa ajili ya jina la i7 huenda akapata kompyuta dhaifu zaidi. Herufi ya mwisho nayo ina maana, kwa kuwa U huashiria prosesa inayotumia umeme kidogo, na H huashiria yenye nguvu zaidi, joto zaidi na uhitaji wa chaja kubwa.

Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu kwa sababu nyingine pia. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi, isipokuwa kwa prosesa chache, Intel za kuanzia kizazi cha 8 na, kwa kompyuta mpakato za AMD, Ryzen za kuanzia mfululizo wa 3000, pamoja na sharti la TPM 2.0, ambayo ni sehemu ndogo inayotunza funguo za usalama. Kompyuta ya zamani kuliko hapo inaweza kuwekewa mfumo endeshi usiolipiwa kama Ubuntu, unaotosha kwa kazi nyingi za ofisi, lakini baadhi ya gemu za mtandaoni, Valorant ikiwa mojawapo, hazifanyi kazi humo.

Kwa upande wa AMD, namba kubwa si hakikisho la ubora. Ryzen 5 7520U ilikuja baada ya Ryzen 5 5500U, lakini sehemu yake ya picha ni dhaifu zaidi, na RAM ya kompyuta zinazoitumia huchomelewa kwenye ubao bila nafasi ya kuongezwa.

3. Kadi ya picha

Kadi ya picha ni sehemu inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na ipo ya aina mbili. Aina ya kwanza imo ndani ya prosesa na hukopa sehemu ya RAM ya kompyuta. Aina ya pili ni ya pekee, yenye kumbukumbu yake yenyewe, na ndiyo inayopandisha bei, uzito na joto la kompyuta.

Picha za ndani zimeboreka sana. Intel UHD 620, iliyoko kwenye prosesa nyingi za kizazi cha 8, inatosha kwa gemu nyepesi peke yake, ilhali Iris Xe iliyoanza na kizazi cha 11 mwaka 2020, pamoja na Radeon za ndani ya Ryzen 5 kama 5500U, huzimudu gemu nyingi za wastani kwa ubora wa picha uliopunguzwa. Hata hivyo, kwa kuwa hukopa RAM, nguvu zake hutegemea jinsi RAM hiyo ilivyopangwa: vipande viwili vya GB 8 kila kimoja hupitisha data kwa upana maradufu ya kipande kimoja cha GB 16, na Iris Xe yenye kipande kimoja tu cha RAM hushuka kiwango hata ikajitambulisha kwa jina la UHD. Kuongeza kipande cha pili, pale kompyuta inapokuwa na nafasi, ni njia ya gharama ndogo ya kuboresha gemu.

Mwenye hamu ya gemu za wastani kwa ubora mzuri, au gemu nzito kwa ubora uliopunguzwa, atafute kadi ya pekee. Miongoni mwa zile zinazopatikana katika kompyuta zilizotumika, NVIDIA GTX 1650 ya mwaka 2019 na RTX 3050 ya mwaka 2021 ni mifano ya wastani inayomfaa mchezaji wa mara moja moja, na hakuna sababu ya kulipia kubwa kuliko hizo ikiwa siku tano kati ya saba kompyuta itafunguliwa kwa ajili ya kuandika na kupiga hesabu.

4. RAM na diski

RAM ni kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizofunguliwa kwa wakati huo, na diski ni hifadhi ya kudumu ya faili. GB 8 za RAM zinatosha kwa kazi za ofisi na gemu nyepesi, ilhali GB 16 humfaa zaidi mwenye kufungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na mkutano wa video, au mwenye kucheza gemu za wastani. Kabla ya kununua kompyuta yenye GB 4 au 8 kwa matumaini ya kuongeza baadaye, ni lazima kuthibitisha kwamba ina nafasi ya kuongezea, kwa sababu kompyuta nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa.

Kuhusu diski, SSD, ambayo huhifadhi data bila sehemu inayozunguka, ni ya lazima, kwani diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka huifanya hata prosesa nzuri ionekane mzigo. Ukubwa wa GB 256 unatosha kwa kazi, lakini gemu hula nafasi: Counter-Strike 2 pekee huhitaji GB 85, kwa hiyo mchezaji wa gemu kubwa mbili au tatu ahesabu GB 512. Tahadhari ichukuliwe dhidi ya kompyuta mpya za bei ya chini kabisa zenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, ambayo ni ya polepole na imechomelewa. Upya wa kompyuta ya namna hiyo haufidii udhaifu usioweza kurekebishwa.

5. Skrini, betri na chaja

Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 huonyesha safu nyingi zaidi za lahajedwali kuliko ile ya 1366 kwa 768, na ya aina ya IPS haibadiliki rangi inapotazamwa kwa pembeni. Kwa gemu za mara moja moja, skrini inayojionyesha upya mara 60 kwa sekunde inatosha.

Uwezo wa betri hupimwa kwa saa-wati. Betri ya saa-wati 50 kwenye kompyuta inayotumia wati 10 kwa kazi ya kuandika hudumu takriban saa 5, lakini gemu inayotumia wati 50 humaliza chaji hiyo kwa saa 1, kwa hiyo mahali umeme unapokatika mara kwa mara betri ihesabiwe kuwa ni ya kazi, si ya gemu. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240, hivyo kompyuta iliyotoka Marekani hutumika bila wasiwasi kwenye volti 230 hadi 240 za Tanzania na Kenya, na kinachohitajika ni plagi inayolingana na soketi za huku. Wati za chaja, hata hivyo, lazima ziitoshe kompyuta: ya ofisi kwa kawaida hutumia chaja ya wati 65, ilhali yenye kadi ya picha ya pekee huhitaji mara nyingi wati 150 au zaidi, na ikipewa chaja ndogo hupunguza kasi au hushindwa kuchaji.

6. Mpya au iliyotumika

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi zilikuwa mali ya kampuni za nje ya nchi. Mifululizo ya kiofisi kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook ilitengenezwa kwa matumizi ya kutwa nzima, ina kibodi imara, na mingi hufunguka kwa urahisi kwa ajili ya kubadilisha RAM, diski na betri. Kwa mtu mwenye fedha za kiasi, hiyo huwa ni thamani kubwa kuliko kompyuta mpya iliyo dhaifu. Kompyuta za gemu zilizotumika zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huenda zilifanya kazi kwenye joto kali kwa muda mrefu.

7. Ukaguzi kabla ya malipo

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika afanye yafuatayo akiwa bado dukani:

1. Afungue kidhibiti cha kazi kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, kisha athibitishe jina kamili la prosesa, ukubwa wa RAM, aina ya diski na jina la kadi ya picha, badala ya kutegemea kibandiko cha nje.
2. Aandike tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia ili kuona kama TPM ipo na ni ya toleo la 2.0.
3. Aandike amri powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha alinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki nusu, gharama ya betri mpya iondolewe kwenye bei.
4. Ajaribu kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, maikrofoni, spika na Wi-Fi, na aangalie kama mpangilio wa herufi ni wa Kiingereza, kwa kuwa zilizotoka Ufaransa au Ujerumani zina mpangilio tofauti.
5. Ahakikishe kwamba mipangilio ya msingi ya kompyuta, iitwayo BIOS, haijafungwa kwa nywila, na kwamba kompyuta iliyofutwa na kuunganishwa na intaneti haidai barua pepe ya kampuni iliyoimiliki awali.
6. Aiache ikicheza gemu au video nzito kwa dakika 20, huku akisikiliza feni na kuangalia kama inazima au inapunguza kasi ghafla.

8. Risiti na matunzo

Risiti yenye namba ya utambulisho ya kompyuta ndiyo uthibitisho wa umiliki na msingi wa kudai dhamana. Nchini Tanzania mnunuzi adai risiti ya mashine ya EFD, na nchini Kenya ankara ya eTIMS. Bei ya chini isiyoelezeka, ikiambatana na muuzaji anayekwepa kutoa risiti, ni dalili ya hatari, kwa kuwa kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Masharti ya dhamana, muda wake na sehemu zinazohusika yaandikwe, yasiachwe kuwa maneno ya mdomo.

Baada ya kununuliwa, kompyuta itumike juu ya sehemu ngumu ili feni ipate hewa, isafishwe vumbi angalau mara moja kwa mwaka, na iunganishwe kupitia kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Programu na gemu zilizovunjwa kinga ziepukwe, kwani mara nyingi hubeba virusi vinavyoiba nywila za benki na za huduma za fedha kwa simu.

Muhtasari wa mpangilio wa matumizi ya fedha

Kwa mwenye fedha kidogo kabisa, inafaa kompyuta ya kiofisi iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, akikubali kubaki na gemu nyepesi. Mwenye nafasi zaidi atafute Intel ya kizazi cha 11 yenye Iris Xe au Ryzen 5 kama 5500U, na kuikamilisha RAM kuwa GB 16 katika vipande viwili. Anayeweza kulipa zaidi ya hapo, na ambaye gemu anazozitaka kweli zinadai hivyo, ndiye wa kununua kompyuta yenye kadi ya picha ya pekee, akijua kwamba ataibeba ikiwa nzito zaidi na yenye betri inayokwisha mapema. Katika ngazi zote tatu, ikibidi kupunguza kitu ili fedha zitoshe, kipunguzwe kile kinachoweza kuongezwa mwakani: ni afadhali kununua prosesa nzuri yenye RAM pungufu na nafasi ya kuiongeza kuliko kununua RAM nyingi iliyofungwa kwenye prosesa dhaifu.