SOMO: MZIGO HAUKUWA SAWA

Maandiko: 2 Wafalme 4:1-7, 1 Wafalme 19:1-8

Tunawasalimu ninyi wa Ajia, na ninyi mnaosoma karatasi hizi Rhino Camp, Imvepi na kule Lobule, Koboko. Somo letu ni juu ya jambo ambalo wengi walilibeba kimya wakati wa korona, na wengine wanalibeba mpaka leo. Ni ile hofu ya pesa inayoingia moyoni hadi mtu hali, halali, wala hataki kuonana na watu.

Tuanze kwa kuungama. Mwaka 2020 mama mmoja wa kanisa letu alitujia akasema, "Mchungaji, kichwa changu kimejaa. Usiku silali." Tulimwombea, tukamwambia afunge siku tatu. Hatukuuliza kama nyumbani kulikuwa na chakula. Baadaye tulijua kwamba alikuwa ameweka kadi yake ya chakula rehani kwa mtu aliyemkopesha, na watoto walikuwa wakila mara moja kwa siku. Tulimwambia afunge mtu ambaye tayari alikuwa na njaa.

1. Tukumbuke yaliyotupata

Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule, makanisa na mipaka. Pale Oraba na Vurra malori ya mizigo yalipita, lakini mtu wa miguu aliyezoea kuvuka na bidhaa zake alikaa nyumbani. Boda zilikatazwa kubeba abiria. Vikundi vya kuweka na kukopa havikuweza kukutana, na kwa wengi boksi la kikundi ndiyo benki pekee.

Aprili mwaka huo huo Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Waliopokea pesa walishuka kutoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi hadi 22,000. Februari 2021 zikawa 19,000. Ugonjwa ulikuja na njaa ikaja, tena katika msimu mmoja.

2. Kwa nini hatukuumia sawasawa

Tulikuwa tukisema, "Sote tuko katika shida moja." Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwenye ndugu Ulaya au Marekani alitumiwa kitu kidogo kwa simu. Aliyepata shamba kwa wenyeji alivuna muhogo. Lakini mjane mwenye watoto sita, mgonjwa anayehitaji dawa kila mwezi, kijana anayeishi kwa kibarua cha siku, hao walikuwa na mgao tu, nao ulikatwa. Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 2022 tu. Karibu miaka miwili kina mama walikuwa na watoto nyumbani mchana kutwa, wakiomba chakula ambacho hakipo.

Na tena, wengi walifika hapa na vidonda vya vita. Aliyeona nyumba yake ikiteketea, akisikia mkopeshaji anagonga mlango usiku, mwili wake unakumbuka ule mlango wa kwanza. Tusishangae kwamba mmoja alisimama na jirani yake akaanguka. Hatukupimana imani. Mizigo haikuwa na uzito mmoja.

3. Neno linatufundisha nini

Katika 2 Wafalme 4 tunamwona mjane wa mtu aliyemcha Mungu. Mume amekufa, deni limebaki, na mdai anataka kuchukua watoto wake wawili. Mama huyu hakuficha. Alimlilia Elisha waziwazi. Naye Elisha hakumkemea kwa kukosa imani. Aliuliza mama anataka atendewe nini, kisha akauliza ndani ya nyumba kuna nini. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu. Angalieni, wapendwa: mafuta yalitoka kwa Mungu, lakini vyombo vilitoka kwa majirani. Mwishoni mama aliuza mafuta, akalipa deni, na kilichobaki kikawalisha. Muujiza ule ulimaliza deni.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya, nabii mkubwa, alichoka hadi akaomba kufa. Mungu hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko mlimani. Sisi wachungaji mara nyingi tunaanza na mlima, na mtu bado hajala.

4. Basi tufanye nini?

Kwanza, tuulize kabla ya kushauri. "Mama, umekula? Unadaiwa? Unalala?" Maswali haya matatu yawe sehemu ya kila ziara ya wazee na ya kina mama wa kanisa.

Pili, deni lisiwe siri ya aibu. Mtu asiende peke yake kwa mkopeshaji. Aende na mzee wa kanisa na kiongozi wa kijiji. Na kadi ya chakula isiwekwe rehani, kwa maana ni chakula cha watoto.

Tatu, tukubali msaada wa kichwa na moyo kama tunavyokubali dawa ya malaria. Hapa Rhino Camp mafunzo ya kujisaidia yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani yalijaribiwa kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14. Walikaa kwa vikundi mara tano, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa na kujifunza namna ya kutuliza mawazo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wasiohudhuria. Kukaa pamoja na kujifunza kunasaidia.

Nne, mtu akisema amechoka kuishi, tusimwite mwenye dhambi, wala tusimwache peke yake. Tuondoe karibu yake dawa za shambani na kamba, tumpeleke kituo cha afya siku ile ile, turudi kumwona kesho.

Jambo hili halijapita. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi moja likaondolewa kwenye mgao. Kwa hiyo hata leo, katika benchi moja la kanisa, anakaa anayepokea na asiyepokea.

Yule mama bado yuko nasi. Wazee walikwenda naye kwa mkopeshaji, wakapatana alipe kidogo kidogo, na kadi ikarudi. Tulimwomba msamaha. Alitujibu, "Mchungaji, siku ile nilitaka tu uniulize."

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Nani katika majirani zetu hajaonekana kanisani wiki hizi?
2. Sisi tuna chombo gani kitupu cha kumwazima?
3. Je, ndani ya nyumba yetu kuna deni ambalo mmoja analibeba peke yake?

Mungu awabariki.