Mtego Katika Hadithi: Kicheko na Hofu

Mtego wa dubu wa nchi za baridi na mtego wetu wa panya ni ndugu. Yote miwili ina kamani iliyokazwa. Mnyama akigusa mahali pake, kamani hufyatuka, na chuma humbana. Waandishi wa hadithi wameitumia sana mitego, wengine kutuchekesha, wengine kututisha.

Likizo iliyopita mdogo wangu alinaswa kidole katika mtego wa panya. Kabla ya kumsaidia, nilicheka, maana nilimkumbuka paka Tom wa katuni. Kisha nikauona ukucha umegeuka mweusi, na kicheko kikaniishia. Ndipo nilipoanza kujiuliza: tofauti ni nini?

Kwanza, tutazame vichekesho. Katika katuni za Tom na Jerry, zilizoanza mwaka 1940, mara nyingi Tom hutega mtego kisha hunaswa mwenyewe. Watazamaji tumekwisha kuuona mtego, tunangoja tu. Tom hupiga yowe, mkia huvimba, na punde si punde yumo mbioni tena, mzima. Tena aliyenaswa ndiye aliyetega, nasi twaona amestahili.

Pili, tutazame hadithi za kutisha. Mwaka 1924 Richard Connell wa Marekani alitoa hadithi ya mwindaji Rainsford, ambaye katika kisiwa anawindwa na Jenerali Zaroff kama mnyama. Rainsford anatega mitego mitatu. Wa kwanza, mti ulioegemezwa, unamwumiza Zaroff begani. Wa pili, shimo lenye miti iliyochongwa, unaua mbwa. Wa tatu, kisu kilichofungwa katika mche uliopindwa, ambao Rainsford anasema alijifunza Uganda, unamwua Ivan, mtumishi wa Zaroff. Hapa aliyekufa harudi, na aliyeumia hubaki na jeraha lake. Mwanzoni Rainsford hakujali kama mnyama awindwaye huona hofu. Sasa anaionja mwenyewe.

Basi, naona tofauti haimo katika mtego. Imo katika maumivu: mchekeshaji huyafuta upesi, na mtishaji hutulazimisha kukaa nayo. Wenzangu mnaoandika insha, amueni mapema ni lipi mnalotaka.

Lakini nje ya hadithi hakuna mchoraji wa kutuponya. Ukucha wa mdogo wangu ulitoka, na mpaka nilipokuwa nikirudi shuleni ulikuwa haujaota. Tumwonapo mwenzetu kaumia, tutazame jeraha kwanza; kucheka kutafuata, ikiwa kunafaa.