Mayai ya Kasa na Joto la Mchanga

Watu wa Mwera na Pangani wamjua kasa tangu zamani. Usiku jike hupanda pwani, huchimba shimo kwa miguu yake ya nyuma, hutaga mayai kama 100, huyafukia, kisha hurudi baharini wala hayaangalii tena. Kazi iliyobaki ni ya mchanga.

Yai la kuku limekwisha kuwa la jogoo au la mtetea kabla halijatagwa. Yai la kasa silo hivyo; joto la mchanga ndilo liamualo. Mayai hukaa chini siku 50 hata 60, na neno hilo hukatwa katika siku za katikati. Joto likiwa karibu na digrii 29 za sentigredi, hutoka madume na majike pamoja. Mchanga ukipoa kuliko hapo, madume huzidi. Ukipata moto zaidi, majike huzidi. Ajabu hii ilionekana kwanza kwa mjusi, huko Dakar, mwaka 1966, na aliyeiona ni Madeleine Charnier.

Basi majira yana nguvu kubwa. Mchanga wa kaskazi, jua likiwaka, si sawa na mchanga uliolowa masika. Katika pwani za Marekani ya kusini-mashariki, habari zilizotolewa mwaka 1984 zilionyesha kwamba mayai yaliyotagwa mwanzo na mwisho wa majira ya kutaga yalitoa madume wengi, bali yale ya wakati wa joto kali yalitoa majike karibu 80 katika kila 100.

Majira yakipishana, hesabu hurudi kuelekea usawa. Hatari ni joto lisilopungua. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kasa wachanga waliotoka fukwe za moto za kaskazini-mashariki ya Australia walikuwa majike 99 katika kila 100. Dume mmoja huwatosha majike kadhaa, lakini si mia.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walitaga huko kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na kisiwa kimekuwa fungu la mchanga lifunikwalo na maji ya bamvua. Hata hivyo kasa wengine hupanda papo hapo. Mayai yao yangekufa maji, ndiyo sababu walinzi wa kasa huyahamisha barani, Ushongo, wakayafukia tena. Naye achimbaye shimo jipya, akilichimba juani au kivulini, achagua pia kama watoke majike au madume.