Nesi wa Hospisi Si Mgeni wa Sebuleni

Mdogo wangu, hebu weka hilo fagio chini kwanza, ukae. Umepigiwa simu kwamba nesi wa hospisi atakuja Jumanne kumwona mama, na tangu hapo hujatulia. Umefua mapazia, umeazima shuka kwa jirani, na sasa unapiga hesabu ya kuku. Nakuelewa, maana tumelelewa hivyo: mtu akiingia kwako asikukute na aibu yako nje. Lakini huyu hajaja kukagua nyumba. Chai ya rangi inamtosha, na ukimpa maji matupu hatakununia. Hiyo hela ya kuku mnunulie mama maziwa.

Kinachoniudhi mimi si mapazia. Ni vile mnavyomfanya mama mwenyewe. Mnamwamsha alfajiri, mnamwogesha, mnampulizia manukato, mnamkalisha kwenye kochi na kanga mpya kama bibi harusi anayesubiri kutolewa. Nesi anauliza, “Mama, unaendeleaje?” Naye, mwanamke aliyefundwa akafundika, anajibu, “Sijambo mwanangu, tunamshukuru Mungu.” Nanyi mko mlangoni mnaitikia. Nesi anaandika alichoambiwa, dawa inabaki ileile, gari linaondoka. Saa nane usiku mama anauma pindo la kanga asije akaamsha watoto, na wewe uko pembeni yake unalia huku umejiziba mdomo. Mlimficha nani? Mficha uchi hazai, wakubwa walishasema.

Kwa hiyo maandalizi ninayokutaka uyafanye ni ya maneno. Tafuta daftari la shule, hata lililobaki kurasa chache. Andika maumivu yanaanza saa ngapi, yako wapi, yanachoma au yanavuta, na nini kinayapunguza. Andika amekula nini, amelala saa ngapi, na lini mara ya mwisho alipata choo. Ndiyo, choo. Usinikunjie uso, nesi ataliuliza hilo kabla hujakaa vizuri. Na kama mama ni wa kusema “kidogo tu” kila anapoulizwa, tumieni mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Wauguzi wengi wa huduma shufaa, hii ya kutuliza maumivu, huku kwetu wanautumia mkono huohuo, na utashangaa mtu asiyetamka maumivu yake anavyoinua vidole vinne bila ubishi.

Dawa zote tia kwenye mfuko mmoja. Nimesema zote. Za hospitali, za duka la dawa pale kona, unga aliouleta shangazi kutoka kijijini, na mafuta ya maombezi kama anayanywa. Najua unaogopa kufokewa. Mwaka 2011 watu walijaa njia nzima kwenda Loliondo kunywa kikombe cha mitishamba cha Babu mganga, na waliowahudumia wagonjwa wakati ule wamesikia kila kitu. Mitishamba yako haitamwangusha mtu kwenye kiti. Nesi anachotaka kujua ni kama kuna kitu kinachogongana na alichoandika yeye. Ukikificha, mgonjwa akianza kutapika mtaisingizia mofini, dawa yake ya maumivu makali.

Na hapo ndipo penye kazi, kwenye mofini. Kuna nyumba chupa ile inafungiwa kabatini kwa sababu mjomba amesema ni dawa ya kumalizia watu, au eti mama atakuwa teja. Mdogo wangu, mama anatulizwa maumivu, halewi. Ikitolewa kwa kipimo cha nesi haimharakishi mtu kufa, na anayeitumia kwa ajili ya maumivu, akiwa chini ya uangalizi, hafuati njia ya mtu wa kijiweni. Ile ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, maana nguvu yake ndivyo inavyokwisha. Usingoje mama alie ndipo umpe. Ukingoja, kila siku utakuwa unayakimbiza maumivu na hutayafikia. Siku za mwanzo anaweza kusinzia na kuchafukwa moyo, na mara nyingi hupita. Choo kigumu hakipiti chenyewe, kwa hiyo ukiona umepewa mofini bila dawa ya kulainisha choo, uliza palepale. Dozi usiongeze kwa huruma, usiikatishe ghafla kwa woga, na tafadhali usimgawie kaka yako mwenye jino. Wenzetu Uganda walilishughulikia jambo hili mapema: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 na mofini ya maji iliyochanganywa kutoka kwenye unga, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hii kuiandika wenyewe. Basi ukimwona nesi anaizungumzia bila kushtuka, usidhani hana huruma.

Kuna jambo mnaloniuliza kwa kunong'ona: harufu. Kidonda cha titi au cha kizazi kinatoa harufu, watoto wanakwepa chumba, mama anajua kwamba wanakwepa, na anazidi kugeukia ukutani. Mkisikia nesi yuko njiani mnamwaga marashi na kuchoma udi. Msifanye hivyo. Harufu nayo inatibiwa. Mara nyingi huelekezwa vidonge vya metronidazole visagwe na kunyunyiziwa kwenye kidonda, lakini ni mpaka nesi akione na akinuse jinsi kilivyo, akufundishe na namna ya kukisafisha bila kumuumiza. Mwambie tu, “Dada, kinanuka, na mama anaona aibu.” Ameshasikia hivyo nyumba nyingi kabla ya yako.

Sasa nani awepo? Anayelala na mgonjwa, huyo ndiye wa kwanza, hata kama ni msichana wa kazi. Kaka mkubwa aliyeshuka jana kutoka Mwanza na sauti yake nzito, mpe kiti, lakini asijibu maswali ya usiku ambao hakuwepo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Chumbani kwa mgonjwa linaharibika. Na nesi akiomba abaki na mama peke yao, tokeni. Msisikilize mlangoni.

Ninyi mliokubaliana kwamba mama asiambiwe ugonjwa wake, mngojeeni nesi nje mumweleze kabla hajaingia. Hatakuja kumtangazia mama kwa nguvu. Lakini mama akimwuliza ana kwa ana, msimtake adanganye. Wengi wa wagonjwa hawa wanajua tayari, wananyamaza ili wasiwaumize ninyi, nanyi mnanyamaza ili msimuumize yeye, na nyumba nzima inakuwa ya kuigiza. Hilo linachosha kuliko kufua.

Msishangae pia nesi akiuliza habari za ada ya watoto, za ugomvi wa shamba, au kama mama angependa shehe au padre aje. Si umbea. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alianza kwa uuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeondoka yanagusa mwili, moyo, familia na imani kwa pamoja. Deni linaweza kumnyima mtu usingizi huku dawa imempoza kiungo.

Kisha nesi atakugeukia wewe. “Na wewe unalala?” Usimjibu kwamba huna shida. Mwambie mgongo unauma kwa kumgeuza mama, na mwombe akuonyeshe namna ya kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, bila wewe kuteguka. Mwambie juzi ulimkaripia mgonjwa kisha ukajifungia chooni. Hakuna anayeuguza muda mrefu asifike hapo.

Kabla hajaondoka, uliza lile swali unalolikwepa: hali ikibadilika usiku, nifanye nini, nimpigie nani, na ni dalili gani nisiziogope? Namba iandikwe kwa kalamu nzito na kubandikwa ukutani, maana simu yako ndiyo hiyo inayozima chaji. Halafu msomee tena dozi ulizoandika, mbele yake, akiwa bado amekaa. Kuuliza si ujinga. Na ule mfuko wa dawa uanze leo jioni, ukikumbuka kupekua na mkoba wa mama, kwa sababu vidonge anavyojifanya amemeza huwa viko mle.