Kahawa ya baada ya Isha isitukoseshe Alfajiri

Ndugu msomaji, ukipita kwenye vijiwe vya Musoma, Bunda na hata Butiama baada ya swala ya Isha, utamkuta muuza kahawa na birika lake juu ya makaa. Kikombe kidogo, kipande cha kashata, mazungumzo yananoga. Na mkoa wetu wa Mara wenyewe unalima kahawa, hasa kule Tarime. Je, kinywaji hiki tunachokunywa kila siku kinatufanyia nini mwilini?

Tuanze na historia. Unywaji wa kahawa ulienea kutoka Yemen katika karne ya 15, ambako masufi waliinywa ili waweze kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, wengine wakidai inalevya. Marufuku hiyo haikudumu, na wanazuoni wengi wakaona ni halali. Kwa hiyo suala letu si halali au haramu, bali ni kiasi na namna ya kunywa.

Kuhusu afya, tafiti nyingi zimeonesha kuwa wanaokunywa kahawa kwa kiasi hawapatwi sana na kisukari cha ukubwani na maradhi ya ini kama wasiokunywa. Mwaka 1991 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitaja kahawa miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta saratani. Mwaka 2016 ikaiondoa. Lakini papo hapo ikaonya juu ya kinywaji chochote chenye moto unaozidi nyuzi joto 65, kwamba huenda kinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Saratani hiyo ni tatizo kubwa Afrika Mashariki. Nasi kijiweni tunaisifu kahawa inayounguza ulimi! Ndugu yangu, acha kikombe kipoe dakika chache.

La pili ni usingizi. Kafeini, ambayo ndiyo inayochangamsha, huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Aliyekunywa saa 3 usiku, saa 8 usiku bado ana nusu yake. Anageuka kitandani, usingizi unamjia karibu na adhana, na Alfajiri inampita. Kinywaji kilichowasaidia waja wema kusimama usiku, sisi kinatulaza wakati wa swala. Huu ni msiba.

Ni kiasi gani basi? Wataalamu wa Ulaya walieleza mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito asizidishe 200. Kikombe kikubwa cha kahawa kina wastani wa miligramu 95. Vikombe vya kijiweni ni vidogo lakini kahawa yake ni nzito, na hakuna anayevihesabu. Mwenye mapigo ya moyo yanayokwenda mbio au shinikizo la damu amuulize daktari wake.

Vilevile, kahawa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka katika maharage na mboga za majani. Mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu wasiinywe pamoja na chakula. Wasubiri walau saa moja. Wala kahawa si badala ya chakula: anayeshinda na vikombe na sigara huzima njaa tu, halishi mwili.

Tena, wengi huumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani wakadhani ni saumu. Mara nyingi ni kahawa iliyokatwa ghafla. Tuanze kupunguza kidogo kidogo tangu Shaaban.

Allah (SW) ameturuhusu kula na kunywa, na akatukataza israfu (Al-A'raf, 31). Basi tunywe mchana, tunywe kidogo, tunywe ikiwa imepoa kiasi. Na usiku tulale, tuamke tumsujudie aliyetuneemesha.

Wabillahi tawfiq.